Dirisha la Rangi Moja

Skurubu ilikuwa ndogo kama mbegu ya nyanya. Bi Nyuzi aliizungusha kwa ncha za vidole viwili, kidogo, kisha kidogo tena, macho yakiwa kwenye skrini. Mdomo alikuwa ameufunga kwa kitambaa. Hakukuwa na vumbi mle ndani, na gundi ilikuwa bado haijafunguliwa. Alichokuwa akikikinga ni pumzi yake mwenyewe. Uzi wa kioo uliolazwa mbele yake, umenyooshwa juu ya kibao cha chuma kama kamba ya kuanikia nguo, ulikuwa mwembamba kama unywele, na joto la mtu kuhema tu lilitosha kuuvurugia hesabu.

"Ukipiga chafya sasa hivi," alisema Taratibu kutoka upande wa pili wa chumba, "tunaanza tena."

"Basi usinichekeshe."

"Mimi si nimenyamaza?"

"Unavyonyamaza ndivyo vinavyochekesha."

Taratibu alikuwa mtu wa tanuri. Kazi yake ilikuwa kuoka nyuzi zikishaandikwa, ili maandishi yatulie yasije yakahama baadaye. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna jambo aliloliharakisha, hata kula. Wenzake walikuwa wanaosha vyombo yeye ndiyo kwanza anauliza kama kuna chumvi. Bi Nyuzi naye alipewa jina lake na karakana nzima, kwa vile tangu asubuhi hadi jioni mtu hamkuti ila ameinamia nyuzi.

Kuandika uzi wa kioo si kuandika kwa wino. Unauvua ganda lake la plastiki, unaumulika kwa miale isiyoonekana kupitia kibao chenye michirizi, na ile miale inaacha ndani ya kioo mistari midogo sana, maelfu kwa maelfu, imejipanga kama vidato vya ngazi. Kila mstari unarudisha nyuma mwanga kidogo. Ikiwa imepangwa kwa hatua zilizo sawa, mistari yote kwa pamoja hukataa rangi fulani na kuirudisha ilikotoka, kama ukuta. Bi Nyuzi lakini hakutaka ukuta. Alitaka ukuta wenye dirisha. Kwa hiyo katikati kabisa ya mistari yake aliruka nusu hatua, kama mtu anayejikwaa kidogo katikati ya gwaride, na pale palipojikwaa pakafunguka upenyo mwembamba wa kupitisha rangi moja tu.

Sehemu ngumu ya usanifu ule ilikuwa ni kuamua upenyo uwe na upana gani. Ukiuachia nafasi, jua linaingia nalo. Ukiubana kupita kiasi, hata yule uliyemwalika anakosa pa kupita. Msimu mzima wa mvua aliumaliza kwenye kompyuta, akichora, akifuta, akijaribu mistari yenye nguvu na mistari hafifu. Mwisho akaona kuwa ile ya mwanzoni na ya mwishoni inafaa aififishe polepole, kama mtu anavyoshusha sauti akikaribia chumba cha mgonjwa. Isipofifia, rangi zisizotakiwa huvuja pembeni. Karatasini kichujio chake, yaani huo uzi wenye dirisha, kilikuwa kizuri. Mezani pia kilikuwa kizuri. Kilichomshinda ni kwenye kazi yenyewe.

Kazi yenyewe ilitoka mlimani. Kule juu kulikuwa na kituo cha kupima hali ya hewa, na vipimo vyake vilishuka mjini kwa mwanga wa leza, kutoka darubini ya kule hadi darubini iliyokaa juu ya paa la karakana. Usiku mwanga ulifika safi. Mchana jua liliumeza, kama mnong'ono sokoni. Kwa sababu hiyo ilibidi pawe na mtu wa kukaa mlimani, alale mchana, na jua likizama akeshe na mitambo mpaka vipimo vyote vishuke. Mtu huyo wenzake walimwita Popo. Alikuwa mume wa Bi Nyuzi.

Mkuu wa karakana, mama mmoja mpole aliyekuwa na tabia ya kusafisha miwani kabla ya kusema neno zito, aliliweka wazi tangu mwanzo. "Kichujio kikishika mchana, kituo kitajiendesha chenyewe. Gari la mahitaji likipanda mwisho wa juma, litarudi na mume wako. Kisiposhika, sina budi, litampelekea mkataba wa mwaka mwingine asaini."

Tangu siku hiyo Bi Nyuzi alikuwa akiliota lile gari. Hakuota safari yake. Aliota kile kiti cha mbele kando ya dereva, wakati mwingine kimekaliwa na mtu, wakati mwingine kimewekewa mfuko wa unga.

Sasa juma lilikuwa linakwisha.

"Cha asubuhi kimekuwaje?" Taratibu aliuliza.

Bi Nyuzi aliiachia skurubu kwanza. "Kimekosa."

"Upande uleule?"

"Upande mwingine."

Hapo ndipo akili yake ilipokuwa imekwama. Kila asubuhi alichukua kichujio kilichokauka gundi usiku, akakipima mezani, akakikuta kiko sawasawa alivyokitaka. Akapanda paani, akatoa cha jana, akaweka kipya. Akarudi kwenye skrini. Na kila asubuhi mwanga wa mlimani ulikuwa umesimama kando ya dirisha, kidogo tu, kama mgeni anayebisha ukutani badala ya mlangoni. Alipima mwanga ulikosimama, akashuka, akaunyoosha uzi mwingine ufuate pale. Maana uzi ukiuvuta, dirisha lake husogea, ukiulegeza, hurudi. Akaupaka gundi ulale hivyo hivyo hadi kesho. Na kesho yake mwanga ulikuwa umehama tena. Juzi ulihamia kulia. Jana kushoto. Leo kulia.

"Nikwambie ninachofikiri?" alisema Taratibu.

"Nikikataa utanyamaza?"

"Hapana. Vichujio vyako havina kosa. Nimevioka kwa mkono wangu, najua. Kinachohama ni leza ya mlimani. Imezeeka ile. Imekuwa kama babu yangu, ukimwacha kibarazani unamkuta kwa jirani."

Bi Nyuzi aliinama kwenye uzi kana kwamba ameona kitu. Jambo hilo alikuwa amelifikiria yeye kabla ya Taratibu, na alikuwa amelificha moyoni kama mtu anayeficha uvimbe asiende hospitali. Leza ikiwa imezeeka, ikiwa inatangatanga, basi itahitaji mtu wa kuikalia, wa kuiangalia mchana na usiku. Na mtu wa kuikalia yupo tayari. Amekwisha zoea baridi. Hakuna haja hata ya kumtuma mwingine.

Mlango ulifunguka, Mkuu akaingia. Aliuangalia uzi kwa mbali, akijua asiusogelee, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa upindo wa mtandio.

"Niambie ukweli, binti yangu. Tatizo liko wapi?"

Taratibu alifungua mdomo. Bi Nyuzi akamuwahi.

"Gundi," alisema. "Inajikunja ikikauka. Kosa ni langu."

"Gundi tu?"

"Gundi tu, Mama. Leo nimebadilisha kipimo."

Mkuu akavaa miwani, akamtazama. "Haya. Kesho mchana nitapanda mwenyewe paani. Baada ya hapo lazima nimwambie dereva anapakia nini."

Alipotoka, Taratibu alimtazama mwenzake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha. "Gundi ile nilikununulia mimi. Haijikunji."

"Najua."

"Basi mimi sijasikia," alisema, akaligeukia tanuri lake.

Skrini ilionyesha dirisha limefika palepale mwanga wa asubuhi ulipokuwa. Bi Nyuzi alifungua gundi, akaweka tone kila ncha ya uzi, akafunika kibao kwa kifuniko cha kioo. Kabla ya asubuhi hakikupaswa kuguswa. Aliketi mbele yake kidogo. Kwenye skrini ya pili, ile ya paani, mwanga wa mlimani ulionekana kama kichuguu chembamba cha kijani, kimesimama peke yake. Wengine waliona namba. Yeye kila asubuhi alipoingia, kabla hata ya kuvua mkoba, alikitazama kile kichuguu akasema moyoni, umeamkaje. Jioni akitoka, lala salama, ingawa alijua kwamba mumewe ndiyo kwanza anaamka. Kijani kilikuwa cha skrini tu; rangi yenyewe jicho la binadamu haliioni, na ilikuwa imetoka kule aliko mumewe muda huohuo.

Alizima taa ya mezani, akaenda nyumbani.

Mama mkwe alikuwa amekaa dirishani, penye mwanga wa mwisho wa jua, anafuma sweta. Sweta lilikuwa la mwanawe. Mwili ulikwisha, mkono mmoja ulikwisha, wa pili ulikuwa umefika kwenye kiwiko. Bi Nyuzi alivua viatu, akamsalimu, akaketi sakafuni kumshikia donge la uzi.

"Uso huo ni wa nani?" aliuliza bibi.

"Wangu, mama."

"Ulioondoka nao asubuhi haukuwa huo." Sindano ziliendelea kugongana. "Sikuulizi ya kazini. Sheria ni sheria."

Sheria hiyo aliitunga yeye. Zamani, Bi Nyuzi na mumewe walipooana na kuajiriwa karakana moja, walikuwa wakirudi nyumbani wanabishana juu ya mitambo mpaka chakula kinapoa. Siku moja waligombania kipimo kilichoharibika tangu mezani hadi kitandani, na asubuhi wakaamka wamenuniana. Bibi akasimama mlangoni akawaambia: humu ndani kazi inavuliwa pamoja na viatu. Wakatii. Hata mume alipopanda mlimani waliendelea kutii. Kila jioni alipiga simu ya kituo kabla ya zamu yake, wakaongea habari za baridi, za paa linalovuja, za jirani na mbuzi wake, za nani amemuota nani. Kazi haikutajwa. Mambo ya kazi yalipitia kwa Mkuu, na Mkuu kila mara alileta jibu moja: mlimani kuko salama, vipimo vya usiku vinafika vyote.

"Sweta limekaribia," alisema Bi Nyuzi.

"Limekaribia nini? Sijui kama ninamfumia mtu wa mlimani au ninawafumia nondo wa kabatini." Bibi alivuta uzi. "Mwanangu yule hajui kukaa akangoja. Tangu tumboni. Mkunga alifika akamkuta ameshazaliwa, anamtazama kama anayemuuliza, ulikuwa wapi?"

Bi Nyuzi alicheka.

"Usicheke, na wewe ni walewale. Unaikumbuka siku ile mlipokuwa wachumba? Ulikuja hapa jasho linakutoka, unamtaka. Nikakwambia ameenda kwenu. Nikakwambia, keti mwanangu, atakukosa atarudi. Uliketi?"

"Sikuketi."

"Ukageuza, mbio! Huku nyuma na yeye, amefika kwenu amekukosa, naye kageuza. Anaingia hapa, namwambia, mwenzako ametoka sasa hivi. Nikamwambia keti. Akaketi?"

"Mama, siku hiyo tulipishana mara mbili."

"Mara mbili! Barabara mbili, na kila mmoja anashika ile ambayo mwenziwe hayupo. Mnatafutana mpaka jua linazama, na kila mmoja anakuta mwenzake ametoka. Nikasema, Mungu wangu, hawa wana miguu wote wawili, makalio hana hata mmoja."

Donge la uzi lilimponyoka Bi Nyuzi likabingirika hadi chini ya kiti. Hakulifuata.

Kulia. Kushoto. Kulia.

Aliona yote kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa. Asubuhi anaweka kichujio kipya paani na kinakosa. Anaupima mwanga, anashuka kuandaa kingine kinachoufuata, na hicho kinalala kwenye gundi hadi kesho. Lakini kile kilichokosa kinabaki paani usiku kucha. Na vipimo vya usiku, Mkuu anasema, vinafika vyote. Vinafikaje, ikiwa mwanga unagonga kando ya dirisha? Vinafika kwa sababu mtu fulani kule juu anausogeza mwanga wake ufuate dirisha lililopo. Na asubuhi yeye analiondoa dirisha hilo, anaweka lile linalongojea mwanga pale ulipokuwa jana.

"Mama," alisema, "leo naomba ruhusa."

"Ya nini?"

"Ya kuvaa viatu humu ndani."

Bibi alimtazama juu ya sindano zake. Simu ikaanza kulia. "Vaa," alisema.

Sauti ya mume ilikuja na upepo nyuma yake, kama kawaida. "Haya wenyewe, hamjambo? Huku leo baridi imenifunga hata mdomo."

"Mdomo wako haufungwi na kitu," alisema Bi Nyuzi. "Sikiliza. Kile kifundo cha joto la leza. Huwa unakigusa?"

"Hiyo ni kazi," alisema mume kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeonya mwenzake. "Mama yupo?"

"Nipo!" alipaza sauti bibi. "Nimetoa ruhusa. Jibu!"

"Nakigusa, ndiyo. Jioni, kabla ya kuanza zamu. Nikiona namba ya mwanga unaopokelewa kwenu imeshuka, nakizungusha kidogo, leza inapata joto au inapoa, rangi inasogea, mpaka namba ipande. Vipimo visipofika si nitaulizwa mimi?"

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuweka vichujio vyako. Nilijua unahangaika. Nikasema, acha nimsogelee."

"Na mimi ninakusogelea wewe!" Bi Nyuzi alisimama, akakaa, akasimama tena. "Kila siku! Nakufuata ulipokuwa, nawe umeshahamia nilipokuwa mimi!"

Kicheko kilianza kule mlimani, kidogo, kikapanda, kikageuka kikohozi. Hata bibi, ambaye hakujua leza ni mnyama gani, alielewa. "Si nimesema?" aliliambia sweta.

"Kwa hiyo leza haina ugonjwa," alisema mume alipopata pumzi.

"Haina. Ugonjwa ni wewe."

"Ni sisi."

"Ni sisi," alikubali. Kisha akauliza upesi: "Leo umeshakigusa?"

"Bado. Nilikuwa nimeinuka, nikasema kwanza niwapigie."

"Kaa!"

"Mwambie akae!" alipaza sauti bibi.

"Nimekaa, nimekaa."

"Kichujio kilichoko kwenye gundi sasa hivi kinakungoja hapohapo ulipo. Hapohapo. Usisogee hata kwa unywele. Kesho nitakiweka, na mchana Mkuu mwenyewe anapanda paani kukitazama."

"Usiku huu vipimo havitapita, mwenzangu."

"Vitangoja. Vitashuka kesho, jua likiwa utosini, wakiona wote."

"Mkuu akiuliza?"

"Asubuhi nitamtangulia mlangoni. Nitamwambia mimi ndiye niliyekuzuia. Na kuna maneno mengine niliyomwambia kuhusu gundi, itabidi niyarudishe."

Upepo ulivuma kwenye simu. Mume alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka. "Unajua ni vigumu? Kukaa nikiitazama namba imelala, mkono uko karibu. Ile namba ikipanda ndiyo najua kwamba uko pale, upande wa pili. Huwa nakizungusha polepole makusudi, nikuone unavyokuja."

Bi Nyuzi hakuwahi kulijua hilo. Alimgeuzia bibi mgongo, akamwambia kuhusu kile kichuguu cha kijani, na salamu za asubuhi, na kwamba jioni humwambia alale salama hali akijua anaamka. Alisema yote bila kupumzika, kwa vile angepumzika asingemaliza.

"Basi leo niage vizuri," alisema mume. "Leo kweli nitalala. Sina kazi."

"Lala. Mikono weka chini ya mto."

Simu ilipokatika alibaki amesimama nayo. Miguu ilimwasha. Karakana haikuwa mbali. Angeweza kwenda, akachungulia tu chini ya kile kifuniko, aone kama uzi umekaa, kama gundi imeshika sawasawa pande zote mbili. Aliufikia mlango. Aliviona viatu vyake. Akafikiria joto la uso wake ukiinama juu ya kioo, na lile dirisha jembamba likisogea kumkimbia. Akarudi. Akapiga magoti, akalitafuta donge la uzi chini ya kiti, akaketi nalo sakafuni, mikono imelifumbata.

Nje kulikuwa kumeanza kuingia giza. Bibi alikuwa ameshusha sindano mapajani na kuukunjua mkono wa pili wa sweta, anaupima kwa macho tangu bega hadi kiwiko.

"Sasa, mwanangu," alisema, "mkono huu niumalize, au niuache?"

"Uache hapohapo ulipofika, mama," alisema Bi Nyuzi. "Hadi kesho, jua likitoka."